UZI: Aby Warburg, kifungua mimba wa benki aliyeachia urithi ili anunuliwe vitabu

mkutubi_zamu

Wakuu habari za jioni. Huu uzi nimeuahirisha mno, kila nikianza usingizi unanichukua, leo nimechemsha chai ya tangawizi nimekaa na lazima niumalize.

Mimi ni mkutubi, chuo kimoja huku Nyanda za Juu Kusini, mwaka wa 11 huu. Asubuhi nafungua, nawasha taa, narudisha vitabu kwenye rafu kwa namba. 200 dini, 500 sayansi, 700 sanaa, kila kitabu na kwao. Sijawahi kujiuliza kwa nini. Sasa kuna mzee mmoja wa Kijerumani aliyekufa 1929, huyo alizipangua rafu zote akazipanga kivyake, na tangu nimemsoma kila nikirudisha kitabu nasimama kwanza naangalia nani kakaa pembeni yake.

Anaitwa Aby Warburg. Alikuwa mwanahistoria wa sanaa, yaani mtu anayesoma picha na sanamu kama wengine wanavyosoma nyaraka: nani aliagiza, nani alilipa, kwa nini huyu mwanamke nguo inapepea wakati wenzake wote mle chumbani wametulia tuli na dirisha hakuna.

Kazaliwa Hamburg tarehe 13 Juni 1866, familia ya Kiyahudi yenye benki, M. M. Warburg, benki ipo tangu 1798. Watoto saba, yeye wa kwanza. Na kwa familia ile wa kwanza maana yake unajulikana kabisa utakaa kiti gani. Akiwa na miaka 13 akamwendea mdogo wake Max, ambaye alikuwa na 12, akamwambia nakuachia uzaliwa wangu wa kwanza, benki chukua wewe, ila ahidi utaninunulia vitabu vyote nitakavyotaka maisha yangu yote. Dogo akakubali. Esau aliuza kwa dengu, huyu aliuza kwa vitabu, na yeye mpaka anakufa hakujuta.

Naendelea kwenye posti inayofuata, msiniwahi.

kifungua_mimba

Mkuu samahani nakuwahi. Hapo umenigusa penyewe. Mimi wa kwanza kwetu, mzee alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, nikakataa kukaa dukani nikaenda kusomea ualimu, miaka sita mzee haongei na mimi vizuri. Naomba kujua kitu kimoja, huyo Max alipokua mkubwa hakumgeuka kaka yake?

mkutubi_zamu

Pole sana ndugu yangu. Hakumgeuka hata siku moja. Max ndo alikuja kuwa mkuu wa benki, na yeye mwenyewe ndo alisimulia hii habari 1929 kwenye kumbukumbu ya kaka yake. Alisema alikubali chapchap kwa sababu alipiga hesabu ya kitoto, kwamba vitabu vya Schiller, Goethe na Lessing hata biashara ikiyumba vitalipika tu, kumbe amesaini hundi isiyoandikwa kiasi. Ndugu wengine walichangia pia, Paul na Felix walihamia New York (huyu Paul ni mmoja wa waliobuni mfumo wa benki kuu ya Marekani wa 1913). Mpaka 1911 vitabu vilishafika kama 15,000, vimejaa nyumba nzima. Wadogo walinung'unika, barua zipo, ila walilipa.

Haya turudi. Alisoma Bonn, München na Strasbourg, na kati ya hapo, 1888, akaenda Florence na profesa wake, ndo mji ukamteka moja kwa moja. Huko huko akakutana na Mary Hertz, binti wa seneta wa Hamburg, msanii, Mprotestanti. Familia zilikataa miaka na miaka, wakaja kuoana 1897. Alikuwa anajieleza kwa Kitaliano kwamba kwa damu ni Myahudi, kwa moyo ni mtu wa Hamburg, kwa roho ni wa Florence.

Tasnifu yake, iliyotoka 1893, ilihusu picha mbili za Botticelli, ile ya kuzaliwa kwa Venus na ile ya majira ya kuchipua. Wakati huo wasomi wa Ujerumani walishakaririshwa kwamba sanaa ya Wagiriki wa kale ni utulivu mtupu, ukuu wa kimya kimya. Warburg akaangalia akakuta wachoraji wa Florence walipotaka kuazima kitu kwa watu wa kale hawakuazima utulivu, waliazima upepo. Nywele zinazoruka, shuka inayovimba, mguu ulionyanyuka.

Naomba niwaonyeshe moja maana hii ndo ilinikamata mimi. Kwenye kanisa la Santa Maria Novella kuna ukuta Ghirlandaio alichora kuzaliwa kwa Yohana Mbatizaji. Mama kajilaza kitandani, wageni wa kike wamekuja kumpa hongera, wamevaa nguo nzito za kitajiri, wamesimama wima kama wanapigwa picha ya kitambulisho. Af upande wa kulia anaingia msichana wa kazi, karibu anakimbia, sinia la matunda kichwani, gauni jepesi limevimba kama tanga. Upepo ni wa kwake peke yake! Warburg na rafiki yake Jolles waliandikiana barua 1900 kuhusu huyo binti tu, ametoka wapi, nani kamruhusu kuingia. Jibu la Warburg ni kwamba ametoka kwenye mawe ya kale, kwenye makaburi na matao ya Warumi, mungu wa kike wa ushindi au wale wanawake waliopandwa na wazimu wa ngoma ya Dioniso, mungu wa mvinyo wa Wagiriki, miaka elfu na zaidi walilala kwenye mawe, sasa mmoja kaamka kavaa ukijakazi. Akasema mwili wa binadamu ukizidiwa na hisia, furaha, hofu, msiba, unatengeneza ishara, na ile ishara inabaki kwenye picha kama moto chini ya jivu, akija msanii mwingine akaipuliza inawaka tena, hata kwa maana tofauti kabisa.

Mimi nimekua naona wamama wanatoka sokoni na ungo kichwani, khanga inapepea, mwendo ule ule. Siku naiona hiyo picha kwenye kompyuta ya kazini nilikaa kimya muda mrefu.

nesi_wodi7

Naomba niulize kwa heshima, nilisoma mahali kwamba huyu baba alilazwa kwa ugonjwa wa akili. Nafanya kazi wodi ya afya ya akili ndo maana nauliza. Watu wakifika hapo kwenye historia za wakubwa huwa wanaruka.

mkutubi_zamu

Dada asante, siruki.

Vita ya kwanza ilimvunja. Tangu 1914 alikuwa anakata magazeti usiku na mchana, anapanga vipande, kama vile akikusanya habari zote ataikamata vita isimponyoke. Novemba 1918 Ujerumani imeshindwa, akachukua bastola akawatishia familia yake, aliamini wanakuja kuuawa wote na bora afanye yeye kuliko hao wanaokuja. Akalazwa Hamburg, baadae Jena, na Aprili 1921 akapelekwa Kreuzlingen huko Uswisi, hospitali ya daktari Ludwig Binswanger. Kwenye kumbukumbu za daktari kuna sehemu inasema alikuwa anaongea masaa mengi na nondo na vipepeo waliokuwa wanaingia chumbani kwake, anawaeleza mateso yake. Profesa mzima.

Madaktari walishakata tamaa kiasi. 1923 akaja Emil Kraepelin, daktari mkubwa wa zama zile, akabadilisha jina la ugonjwa, akasema huyu ni hali mchanganyiko ya kupanda na kushuka, atapona. Na Warburg mwenyewe akawaomba nafasi: niacheni nitoe mhadhara, nikiweza kuupanga mpaka mwisho mtajua akili yangu ipo. Tarehe 21 Aprili 1923 akasimama mbele ya wagonjwa wenzake na madaktari, na picha za kuonyesha ukutani, akaongea kuhusu ibada ya nyoka ya Wahopi wa Arizona, safari aliyoifanya miaka 27 nyuma.

Agosti 1924 akarudi nyumbani. Aliishi miaka mitano tu baada ya hapo, na kazi kubwa zaidi ya maisha yake aliifanya kwenye hiyo mitano.

nesi_wodi7

Nimesoma hii nikiwa zamu, nimetoka nje kidogo. Ile ya kumpa mgonjwa kazi anayoijua mwenyewe na kumsikiliza mpaka amalize, tunaiona kila siku wodini inavyofanya kazi, ila muda haupo, watu ni wengi na sisi wachache. Asante kaka.

mwana_wa_ardhi

Mkuu stori nzuri ila mimi nina neno. Mzungu anaenda kwa wenyeji wa Amerika na kamera, anapiga picha ibada zao, anarudi kwao anakuwa msomi mkubwa. Hao Wahopi walipata nini? Sisi vya kwetu vingapi viko makumbusho za Ujerumani mpaka leo, fuvu za babu zetu ziko kule. Siwezi kusoma hii nikaishia kumshangilia.

mkutubi_zamu

Una haki na wala sitakupinga. Alienda Marekani 1895 kwenye harusi ya Paul, akachoka na maisha ya New York, akapanda treni kwenda kusini magharibi. 1896 akafika Oraibi, akaona ngoma ya Kachina (hizo ni roho wanazoziheshimu Wahopi, wachezaji wanavaa vinyago vyao), akapiga picha, akanunua na kukusanya vitu ambavyo baadae aliviweka makumbusho ya Hamburg. Kuna picha yake amejipachika kinyago cha Kachina kichwani, uso uko wazi. Kwa Wahopi kile ni kitu kitakatifu. Mimi hiyo picha sipendi kuiangalia. Na ngoma yenyewe ya nyoka, ambayo mhadhara umeibeba jina, hakuiona kwa macho yake, aliitegemea maandishi ya wengine.

Ila kuna kitu kimoja alifanya kule nitakitetea. Aliomba watoto wa Kihopi wa shule ya Keams Canyon wasimuliwe hadithi yenye radi ndani yake af wachore. Shule ilikuwa ya serikali, inawafundisha wawe kama Wazungu. Zikaja picha 14. 12 zilichora radi kama zinavyochorwa kwenye vitabu vya shule, mbili zikachora nyoka mwenye kichwa cha mshale, radi ya babu zao. Alizikumbuka zile mbili mpaka kule hospitali. Nadhani alijua wale watoto wawili ni ndugu wa yule msichana wa sinia, kitu kimekatazwa mlango wa mbele kimeingia kwa nyuma.

mwana_wa_ardhi

Sawa. Hiyo ya watoto wawili nimeielewa. Endelea.

mkutubi_zamu

Sasa naomba watu wa pwani mkae karibu.

1912 kwenye mkutano wa wanahistoria wa sanaa Roma alitoa mhadhara kuhusu ukumbi wa Palazzo Schifanoia, Ferrara. Ukumbi umechorwa miezi 12, karibu 1470, kwa ajili ya mtawala Borso d'Este, mingi imefutika, saba ndo inaonekana. Kila mwezi una mistari mitatu. Juu miungu wa Kirumi kwenye magari, chini Borso anawinda na kugawa sarafu. Katikati, kwenye rangi ya giza, nyota ya mwezi na watu watatu watatu ambao hakuna aliyekuwa anajua ni akina nani. Mwezi Machi, kwenye nyota ya kondoo, yaani Hamali, yupo mwanaume mweusi, amesimama, nguo nyeupe iliyochakaa, kajifunga kamba kiunoni na ncha ya kamba kaishika mkononi. Macho yake makali.

Warburg akamtambua. Akasema huyu kaandikwa neno kwa neno na Abu Maashari, mnajimu wa Baghdad wa karne ya 9, kwenye kitabu chake kikubwa, sehemu anayoeleza mawazo ya Wahindi: mtu mweusi mwenye macho mekundu, mwili mkubwa, shujaa, kavaa kitambaa kikubwa cheupe kakifunga kamba katikati, ana hasira, amesimama wima analinda. Na nyuma ya huyo, ukizidi kufukua, yupo Perseo wa Wagiriki. Yaani shujaa wa Kigiriki kapita Misri, kaenda India kabadilishwa nguo, karudi kwa Waarabu, kaingia Uhispania kwa tafsiri za Kilatini, katua Ferrara ukutani kwa bwana mkubwa hakuna anayemjua jina.

Kwenye mhadhara ule ule akawaambia wasomi wenzake waache tabia ya polisi wa mpakani, huyu wa zama hizi, huyu wa zama zile, hii sanaa, hii ushirikina. Mimi natokea karibu na Tunduma wakuu, najua mpaka ni nini na najua vitu vinavyopita.

binti_tanga

Subiri kwanza. Abu Maashari huyu ndo Abu Maashari al-Falaki?? Babu yangu mzaa mama alikuwa mwalimu wa madrasa na alikuwa anapiga falaki, watu wanatoka mpaka Pemba kuja kuangaliziwa nyota, jina lako na la mama yako anapiga hesabu za herufi, anakwambia buruji yako. Kitabu alichokuwa anatumia kilikuwa na hilo jina, cha Kiarabu, karatasi za manjano, jalada limeshonwa na uzi wa nyavu. Sisi watoto tulikuwa haturuhusiwi kukigusa. Nimeshtuka mpaka nimempigia mama.

mkutubi_zamu

Dada yangu ni yeye, jina ni lake. Vile vijitabu vya kuagulia vinavyozunguka pwani vinabeba jina lake, si lazima kila neno kiwe kaandika yeye, ila heshima ni ile ile. Kwa hiyo mtu aliyempa Mtaliano mchoro wa ukutani ndo jina lililokuwa kabatini kwa babu yako. Mimi sina zaidi ya kusema hapo, nimesisimka kama wewe.

Na sasa naweza kumalizia kuhusu maktaba maana inaingia hapo hapo.

1926 alifungua jengo la maktaba pembeni ya nyumba yake, Heilwigstraße 116. Chumba cha kusomea umbo la yai, juu ya mlango wa ndani neno moja la Kigiriki, MNEMOSYNE, kumbukumbu. Vitabu kwenye ghorofa nne: picha, neno, mwelekeo, tendo. Hakufuata mwaka wala alfabeti. Alifuata kitu alichokiita ujirani mwema: kitabu unachokijua si ndo unachokihitaji, unachokihitaji kimekaa jirani yake na jina lake hulijui. Kwa hiyo unajimu ulikaa karibu na falaki ya kisayansi, uganga karibu na tiba. Na alikuwa anavihamisha kila wazo lake likibadilika, Fritz Saxl na Gertrud Bing, waliomshikia maktaba, walipata tabu. Mwanafalsafa Ernst Cassirer alipotembezwa mara ya kwanza alimwambia Saxl hii maktaba ni hatari, ama niikimbie ama nijifungie humu miaka. Alirudi, na vitabu vyake vikubwa vilitoka humo.

Miaka ya mwisho alikuwa anatengeneza atlasi ya picha. Mbao kubwa zilizofunikwa kitambaa cheusi, anabandika picha kwa pini, anasogeza, anabandua. Sanamu ya kale, mchoro wa Florence, stempu, tangazo la gazeti, mwanamke anacheza golfu mkono umenyanyuka kama yule wa kale mwenye kisu. Hakuna maelezo, ni jirani na jirani. Toleo la mwisho lina mbao 63 na picha karibu 1,000. Hakuimaliza. Tarehe 26 Oktoba 1929 moyo ukasimama. Mbao zenyewe zilipotea, zilibaki fotografia zake, na 2020 Berlin waliitengeneza upya, sehemu kubwa kwa picha zile zile halisi alizobandika, walizifukua moja moja.

Hitler akaingia 1933. Maktaba ya Kiyahudi, vitabu kama 60,000. Saxl na Bing wakahangaika na familia, ikapatikana London, kwa karatasi ikaitwa mkopo wa miaka mitatu. Desemba 1933 meli mbili ndogo, Hermia na Jessica, zikatoka bandari ya Hamburg na maboksi 531. Haikurudi. 1944 ikakabidhiwa Chuo Kikuu cha London kwa hati, tangu 1958 ipo Woburn Square. Baadae chuo na taasisi ya maktaba hiyo walishtakiana kuhusu gharama, 2014 mahakama ikasema hati ya 1944 ni hati, chuo kiendelee kuitunza. Na vitabu mpaka leo vimepangwa ghorofa nne, unaingia mwenyewe unatembea unatoa kwa mkono wako.

Hapo ndo roho inaniuma. Sehemu niliyofanya kazi kabla ya hapa, siitaji, alikuja mkubwa mpya akaamuru vitabu "vya zamani" vyote vitolewe vipelekwe stoo ya chini, mvua ya Machi ikaingia. Vilikuwemo vya mwalimu mmoja mstaafu aliyetuachia, kavipanga kwa mkono wake, tiba za mitishamba pamoja na ushairi pamoja na kilimo, sisi tukaona fujo. Tulivitenganisha kwa namba kabla havijalowa hata. Nilishiriki. Sikuuliza alikuwa na maana gani kuweka ushairi pale.

kifungua_mimba

Mkuu nimeusoma wote mara mbili. Kesho nampigia mzee.

binti_tanga

Nimerudi. Mama yuko kwa babu sa hivi, kabati lipo, babu alifariki 2016 hakuna aliyeligusa. Kaniambia kwa simu alivyoviona: kile kitabu cha falaki, jirani yake daftari la babu la bamvua na maji mafu, maana alikuwa mvuvi pia, af daftari la dawa, af kasida. Mjomba anataka kuvifunga kwenye gunia avipeleke msikitini. Nifanyeje?

mkutubi_zamu

Mwambie mama asitoe hata kimoja kwanza. Apige picha kabati zima mlango ukiwa wazi, mchana, dirisha likiwa nyuma yake. Af apige kila rafu, migongo yote ya vitabu ionekane, kushoto kwenda kulia. Aandike kwenye karatasi mpangilio ulivyo, cha kwanza, cha pili, mpaka mwisho, na kama kuna kipande cha karatasi katikati ya kurasa asikichomoe, aandike kipo ukurasa gani. Mjomba asubiri. Mimi nina likizo wiki ya pili ya mwezi ujao, nikipata basi la Tanga nakuja na maboksi.